Askari Wetu Wastaafu: Nani Amewajulia Hali?



Tarehe 25 Julai ya kila mwaka taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mkuki na ngao huwekwa mnarani, mashada ya maua huwekwa, viongozi wa dini huwaombea marehemu, kisha watu hurejea makwao. Ni jambo jema, wala hatuna nia ya kulipunguzia heshima yake. Lakini mwaka jana, jioni ya siku hiyo, baadhi yetu tulikwenda kumjulia hali mzee mmoja wa jumuiya yetu ambaye hakuwa ameonekana kanisani kwa muda mrefu. Mzee huyo alichukuliwa kijijini kwake akiwa mgambo mwishoni mwa mwaka 1978, akapigana hadi ng'ambo ya mpaka, akarudi na miguu yote miwili na mikono yote miwili. Kwa hiyo akahesabiwa kuwa mzima. Mkewe alitueleza mambo ambayo hatukuyasikia katika miaka yote tuliyosali pamoja nao. Mumewe halali kitandani. Hulala chini, karibu na mlango. Radi ya ziwani ikipiga usiku, hutoka nje na kuketi chini ya mwembe mpaka mvua ikatike. Watoto wao walikua wakijua kwamba baba haguswi begani akiwa amesinzia.

Tulipomgeukia mwenyewe alisema taratibu: "Tangu nirudi kutoka Uganda, watu wameniuliza tulifika wapi na tuliwapiga wangapi. Hakuna aliyeniuliza ninalalaje."

Neno hilo limetukaa moyoni. Katika desturi zetu kujuliana hali ni wajibu wa kwanza wa ujirani. Anayekwenda kumjulia hali mgonjwa huuliza, husikiliza, na haendi mikono mitupu. Utafiti wa kitaalamu juu ya afya na ustawi wa askari na wastaafu wa majeshi, ukivuliwa maneno yake makubwa, ni namna ya taifa ya kuwajulia hali watu liliowatuma vitani. Tunaandika ukurasa huu kusema kwamba taifa letu, na hasa sisi wa mwambao wa Ziwa, tunadaiwa jambo hilo, na kwamba deni lenyewe lina sehemu mbili: kuuliza na kutibu. Kuuliza bila kutibu ni kumtumia askari mara ya pili.

Vita vilivyopita mlangoni petu

Vijana wengi watakaosoma ukurasa huu walizaliwa baada ya vita vile, hivyo hapana budi tukumbushe kwa kifupi. Mwezi Septemba 1972 ndege za Idi Amin zilidondosha mabomu katika miji ya Bukoba na Mwanza. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi yake yaliuvamia mkoa ambao leo ni Kagera, yakaiteka ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera na kulibomoa daraja la Kyaka. Raia wapatao 1,500 waliuawa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga mvamizi vyote vipo. Jeshi ambalo halikufika watu 40,000 likapanuliwa hadi kupita 100,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000, pamoja na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, askari polisi na magereza. Masaka ilitwaliwa Februari 1979, Kampala tarehe 11 Aprili, na mapigano yakakoma mwanzoni mwa Juni. Vikosi vya mwisho vya Tanzania viliondoka Uganda mwaka 1981.

Mwanza haikuvitazama vita hivyo kwa mbali. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, nchi iliyokuja kumsaidia Amin, ililenga ghala la mafuta la mjini kwetu ikakosa, na makombora yake yakaangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane na kuua swala kadhaa. Wakubwa wetu bado hukisimulia kisa hicho kwa kucheka. Tucheke nao, ila tukumbuke kwamba wapo walioona makombora yaliyolenga na kupata.

Waandishi wa habari Tony Avirgan na Martha Honey, waliofuatana na majeshi yetu, waliandika katika kitabu chao cha mwaka 1982 kwamba askari wa Tanzania waliokufa katika vita hivyo walikuwa 373, na kwamba kati yao 96 ndio waliouawa katika mapigano. Tuitazame vizuri hesabu hiyo. Hata kati ya wafu, walio wengi hawakuangushwa na adui katika mapambano. Ikiwa kifo chenyewe kilikuwa na njia nyingi kiasi hicho, madhara ya vita kwa walio hai yana njia nyingi zaidi: masikio yaliyoharibiwa na mizinga, migongo iliyobeba risasi na masanduku kwa mamia ya maili, maradhi yaliyookotwa njiani, na yale ambayo macho hayawezi kuyaona.

Askari wa kudumu alirudi kambini, penye wenzake, daktari na bendera. Mgambo alirudi kijijini. Alivua sare akashika jembe la pamba au wavu, katika miaka ambayo sukari na sabuni vilipatikana kwa foleni na taifa zima lilikuwa limeombwa kufunga mkanda. Miaka hiyohiyo wizi wa ng'ombe wa kutumia bunduki ulizidi Usukumani, wananchi wakajiundia sungusungu, na aliyejua kushika silaha akaanza kutazamwa na baadhi ya majirani kama mtu wa kuogopwa. Mtu aliyeondoka akipigiwa vigelegele alirudi mahali ambapo kusema habari za vita kulimletea ama sifa asizozitaka ama mashaka asiyoyastahili. Wengi walichagua kunyamaza.

Utafiti umemtazama askari kwa jicho gani?

Mtu asiseme kwamba sisi wa Mwanza ni watu waliosahauliwa na watafiti. Mwaka uleule wa 1979 ambao vita viliisha, Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yenye kituo chake hapa mjini. Mkojo na damu za watoto wetu zimepimwa kwa ajili ya kichocho. Kule Kisesa, wilayani Magu, wakazi wamekuwa wakifuatiliwa tangu mwaka 1994 ili kuelewa mwenendo wa Virusi vya Ukimwi. Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika katika mkoa wetu utafiti uliohusisha jamii 12 na watu wazima wapatao 12,000, nao ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya Virusi vya Ukimwi kwa takriban asilimia 40. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalisomwa duniani kote. Jina la Mwanza linajulikana katika vyuo vikuu ambavyo sisi hatutavifikia kamwe.

Askari naye ametazamwa, lakini tuangalie ametazamwa kama nani. Zamani za ukoloni, vijana wa Tanganyika walipelekwa na jeshi la KAR kupigana hadi Burma. Katika kizazi hichohicho daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mjini Nairobi, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba Mwafrika hutumia kidogo tu sehemu ya mbele ya ubongo wake. Daktari mwenye imani hiyo atamwuliza nini askari Mwafrika anayeshtuka usiku? Alikwisha kujijibu kabla ya kuuliza.

Ukaja Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwaka 1991 wanajiografia Matthew Smallman-Raynor na Andrew Cliff walichapisha utafiti uliolinganisha kuenea kwa ugonjwa huo nchini Uganda na mahali walikoandikishwa askari baada ya Amin kuanguka, wakaona kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Ilikuwa kazi ya maana. Lakini ndani yake askari ni njia ambayo ugonjwa ulipitia kuwafikia wengine. Baadaye, mwaka 2007, ilipoanza kujaribiwa chanjo ya Virusi vya Ukimwi jijini Dar es Salaam, askari polisi walijitolea miili yao ili chanjo hiyo ipimwe. Wanastahili shukrani ya taifa zima, maana walifanya kwa hiari jambo la hatari kidogo kwa faida ya watu wasiowajua. Hata hapo, kilichopimwa ni chanjo.

Hatuzilaumu tafiti hizo mbili za mwisho. Tunasema tu kwamba askari ameingia katika vitabu vya wataalamu akiwa hatari kwa wengine au akiwa msaada kwa wengine. Tafiti zilizomkabili mpiganaji wa mwaka 1978 na 1979 yeye mwenyewe, zikamwuliza anaishije, analalaje, anaelewanaje na mkewe na chupa yake, ni haba mno zikilinganishwa na zile za kichocho. Na watu hao wanaondoka. Aliyekuwa na miaka 20 siku Kampala ilipotwaliwa amekwisha kupita miaka 65.

Waliouliza walipata nini?

Katika nchi nyingine swali hilo liliulizwa, ingawa kwa kuchelewa. Nchini Marekani wapiganaji wa Vietnam walirudi wakadharauliwa, wengine wakaambiwa ni wavivu na walevi. Mwaka 1980 madaktari wa huko waliingiza rasmi katika orodha ya maradhi yao ule ugonjwa wa mtu ambaye tukio la kutisha limepita lakini mwili na akili yake havijakubali kwamba limepita. Sisi tuuite kiwewe. Mwaka 1983 Bunge la nchi hiyo liliamuru ufanyike utafiti wa taifa zima. Jibu lilikuwa kwamba takriban 15 katika kila wanaume 100 waliotumikia Vietnam walikuwa bado na kiwewe wakati wa utafiti, zaidi ya miaka 10 baada ya vita kuisha. Baada ya hesabu hiyo haikuwezekana tena kusema kwamba ni ulegevu wa mtu mmojammoja.

Nchini Uingereza wataalamu wa King's College London walianza kuwafuatilia maelfu ya askari tangu vita vya Iraq vya mwaka 2003. Mambo mawili kati ya waliyoyaona yanatuhusu kabisa. La kwanza, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, waliokuwa na dalili za kiwewe walikuwa kama 4 katika 100, lakini waliokunywa pombe kwa namna ya kudhuru afya walikuwa 13 katika 100. Maana yake, anayemtafuta askari aliyeumizwa na vita atamkosa akitafuta ndoto mbaya tu. Yampasa atazame pia kilabuni. La pili, waliodhurika zaidi na kupelekwa vitani hawakuwa askari wa kudumu. Walikuwa askari wa akiba, yaani watu waliotolewa katika kazi zao za kiraia, wakapelekwa, kisha wakarudishwa katika nyumba na kazi ambamo hakuna mwingine aliyeona walichokiona. Ndugu zetu, tukisoma habari za askari wa akiba wa Uingereza, je, hatumwoni mgambo wetu?

Mfano wa tatu uko karibu zaidi. Kaskazini mwa Uganda, kati ya mwaka 2007 na 2009, watafiti waliwafikia vijana 85 waliotekwa utotoni na kufanywa askari. Hawakuishia kuhesabu ndoto zao. Waliwafundisha watu wa kawaida wa palepale, wasio madaktari, namna ya kumsaidia kijana aisimulie historia yake yote tangu mwanzo hata mwisho, mema na mabaya kwa mpangilio wake, katika vikao vinane vilivyofanyika nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: waliopata tiba hiyo ya kusimulia walipungukiwa na mateso ya kiwewe kuliko wenzao ambao hawakuipata. Hapakuhitajika jengo la ghorofa. Palihitajika mtu aliyefundishwa, anayeaminika, mwenye subira ya kusikiliza. Jumuiya zetu zina watu wa namna hiyo.

Hoja tunazozisikia

Tumelizungumza jambo hili na watu mbalimbali, nao wametupa hoja ambazo haifai kuzipuuza.

Wako wanaosema mambo ya jeshi ni siri. Ni kweli kwamba mipango ya ulinzi haijadiliwi barazani, wala sisi hatuombi ijadiliwe. Lakini usingizi wa mzee wa miaka 70 si siri ya ulinzi, na goti lake bovu halimfaidii adui yeyote.

Wako wanaosema kiwewe ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba Mwafrika husumbuliwa na mizimu au kurogwa. Hatupendi kuwakejeli, maana kabla ya daktari kufika wazee wetu walijua kwamba mtu aliyetoka kumwaga damu hawezi kurudi mezani kama aliyetoka kuchota maji. Kwa makabila mengi palikuwa na taratibu za kumpokea mpiganaji na kumtakasa kabla hajachangamana na watu. Mgambo wa mwaka 1979 hakupokewa hivyo. Alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Utafiti hauondoi hekima hiyo ya wazee; unaweza kutuonyesha ni kitu gani tulikipoteza tulipoiacha.

Wako wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati. Wangekuwa na haki kama vita vingekuwa vimekoma kututafuta. Tarehe 13 Julai 2013 walinda amani saba wa Tanzania waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017, katika kituo cha Semuliki mashariki mwa Kongo, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa na makumi wakajeruhiwa kwa usiku mmoja. Waliosalimika usiku ule walirudi nchini wakiwa vijana, wenye wachumba na watoto wadogo. Baadhi yao wataishi miaka 50 zaidi. Tukitaka kujua itakuwaje kwao, wazee wa vita vya Kagera ndio wanaoweza kutueleza, kama tutawauliza wangali hai.

Hoja iliyotugusa kuliko zote ilitoka kwa mstaafu mwenyewe, aliyetuambia kwamba yeye hahitaji dodoso, anahitaji dawa. Yuko sahihi. Tena anatufundisha jinsi utafiti unavyopaswa kuwa.

Utafiti wenye haki

Sheria na taratibu za nchi yetu hutaka utafiti wowote wa afya upate kwanza kibali cha kamati ya maadili, na kila anayeshiriki akubali kwa hiari baada ya kuelezwa. Kwa askari, neno hiari linahitaji uangalifu wa pekee. Mtu aliyefundishwa maisha yake yote kutii amri anaweza kusema ndiyo kwa sababu tu aliyemwuliza ana cheo. Hivyo basi, asiulizwe mbele ya mkubwa wake, wala jibu lake lisifike kwa mkubwa wake, na aliye kazini asiogope kwamba kusema ukweli kutamnyima cheo au safari. Hofu ya kuonekana dhaifu hufunga kinywa cha askari kuliko kiapo chochote.

Aulizwe kwa lugha anayoota nayo. Yako mambo ambayo mzee wa Magu au Misungwi ataweza kuyasema kwa Kisukuma, na wa Ukerewe kwa Kikerewe, ambayo Kiswahili cha ofisini hakiyafikii. Na mke aulizwe pia, peke yake. Katika nyumba tuliyoitembelea, aliyejua habari za vita tangu mwaka 1979 ni mwanamke ambaye hakuvuka mpaka. Yeye ndiye aliyevilea vita hivyo nyumbani kwa zaidi ya miaka 40, na hakuna medali aliyopewa.

Kisha, pasiwe na dodoso bila matibabu. Anayemfumbua mtu jeraha la moyo saa nne asubuhi na kupanda gari lake saa tano amemdhulumu. Pawe na mahali palipoandaliwa pa kumpeleka atakayehitaji msaada, na pajulikane kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Utafiti ule wa Mwanza wa mwaka 1991 hadi 1994 ulifanya hivyo: uliwafundisha wahudumu, ukapeleka dawa katika zahanati, na kwa njia hiyo ukapata maarifa. Mkoa wetu umekwisha kuionyesha dunia kwamba sindano na kalamu vinaweza kusafiri pamoja.

Mwisho, majibu yarudi. Wapo watu wa kando ya Ziwa waliotoa damu zao mara nyingi bila kuelezwa kilichoonekana ndani yake. Matokeo yasomwe kijijini, kwa maneno yanayoeleweka, mbele ya wale waliyoyatoa.

Yatupasayo sisi

Ni rahisi kumalizia kwa kuinyoshea serikali kidole. Serikali ina wajibu, na tunawaomba wabunge wa mikoa ya Ziwa wauseme bungeni: afya ya wapiganaji wa 1978 na 1979 ichunguzwe, na mgambo wahesabiwe humo sawasawa na askari wa kudumu. Sera ya afya ya mwaka 2007 ilikwisha kutamka kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Wapiganaji hao wote wamefikia umri huo, nao wasizungushwe dirishani.

Lakini hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 na kurejeshwa mikononi mwa Kanisa mwaka 1985, ni ya maaskofu wetu. Chuo kikuu cha afya kilicho pembeni yake ni chetu. Humo wamo madaktari wa akili na wanafunzi wanaotafuta kila mwaka jambo la kuandikia. Tunawaomba kwa heshima walione na hili. Nasi wenyewe tujihoji. Mzee yule tuliketi naye benchi moja kwa miaka mingi. Tulimtumia kuwapanga watoto mistari siku za maandamano ya Ekaristi kwa sababu "alikuwa jeshini." Alipoanza kunywa tulimtoa katika uongozi wa jumuiya. Wakati huo hatukumwuliza lolote.

Injili inasimulia kwamba Bwana, alipoletewa yule kipofu wa njiani karibu na Yeriko, alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulionekana na kila mtu. Kisha akamponya. Mpango wetu katika parokia ufuate njia hiyohiyo. Kila jumuiya iwatambue wastaafu na mgambo wake, kwa ridhaa yao na bila kuwabandika majina. Watu wawili wenye busara na midomo mizito waende kuwajulia hali, na wasianze na habari za vita. WAWATA wawajulie hali wake na wajane. Atakayehitaji tiba asindikizwe hadi kwa mganga, asipewe anwani tu. Paroko asisubiri Siku ya Mashujaa kuwataja katika sala za waamini.

Tulirudi kwa mzee wetu mwezi uliofuata, tukamweleza kwamba tunataka kuandika ukurasa huu na kuomba wataalamu waje. Alikaa kimya kwa muda, akiutazama mlango. Kisha akasema, "Waje. Ila wasije na karatasi peke yake."

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu wamo waliopigana mwaka 1978 na 1979, au waliotumikia Darfur, Lebanon au Kongo? Mara ya mwisho tuliwatembelea lini, na tuliongea nini?

2. Je, yuko mtu tuliyemhukumu kwa ulevi au ukali bila kujua alikotoka?

3. Wake na watoto wa askari wamebeba nini, na ni nani aliyewauliza?

4. Watafiti wakija kijijini kwetu, tutawadai masharti gani kabla ya kuwafungulia milango ya wazee wetu?